Kuacha Dawa Polepole Si Kukosa Imani



Tafakari ya juma hili inahusu jambo ambalo sijapata kulisikia likitajwa katika matangazo ya mwisho wa Misa, ingawa limo ndani ya nyumba zetu, mjini Mpanda na vijijini, kuanzia Inyonga kwenye mizinga ya nyuki hadi Karema ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Nazungumzia dawa za ugonjwa wa sonona. Tena sizungumzii kuzianza, maana juu ya hilo wengine wamekwisha kusema. Nazungumzia kuziacha.

Sonona ni ugonjwa. Nalisema hili mapema ili tusilirudie. Si uvivu, si kurogwa, si adhabu ya dhambi iliyofichwa, wala si huzuni ya kawaida ya mtu aliyefiwa, ambayo nayo ina heshima yake na haihitaji kidonge. Ni hali ya kukosa furaha na nguvu kwa majuma na miezi, usingizi ukavurugika, chakula kikapoteza ladha, na mtu akajiona hafai mbele ya watu na mbele ya Mungu. Katika hospitali zetu za serikali na za Kanisa, dawa zinazojulikana zaidi kwa ugonjwa huu ni mbili: amitriptilini, ambayo ni ya zamani na hutumika pia kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu na kuzuia kipandauso, na fluoksetini. Watu wengi huziita tu dawa za usingizi. Wenye ulimi mkali huziita dawa za watu wa Mirembe, wakimaanisha ile hospitali ya Dodoma ambayo tangu miaka ya 1920 imewatunza wagonjwa wa akili wa nchi hii, na ambayo jina lake limegeuzwa kuwa tusi bila kosa lake lolote. Ndiyo maana vidonge hivi hufichwa. Nimeambiwa vinakaa ndani ya kopo la chumvi, chini ya godoro, na hata ndani ya mfuko wa sare ya kwaya.

Basi aliyeficha kuanza huficha na kuacha, naye huacha peke yake, kwa siku moja, bila kumwuliza mtu. Hapo ndipo hatari ilipo.

Dawa hizi hufanya kazi katika ubongo, mahali ambapo seli hupashana habari kwa njia ya kemikali, mojawapo ikiitwa serotonini. Mtu akizitumia kwa miezi mingi, ubongo huzizoea, ukajipanga kwa kutegemea kwamba kesho dawa itakuja tena. Haimaanishi kwamba mgonjwa amekuwa mlevi. Hana uchu wa kuongeza dozi, haibi ili ainunue, wala dawa haimlevyi. Lakini mwili umepata desturi, na desturi ikikatwa ghafla mwili hulalamika. Kina mama wanalielewa jambo hili kuliko mimi: mtoto haachishwi ziwa kwa siku moja. Hupunguziwa, huzoeshwa uji, hulia usiku mmoja, hubembelezwa, na hakuna anayesema kwamba kilio chake ni dalili ya kuwa mtoto mbaya.

Malalamiko ya mwili yana sura nyingi. Mtu hupata kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, maumivu ya kichwa. Usingizi hukatika au hujaa ndoto kali. Machozi humtoka bila sababu, na hasira humpanda kwa jambo dogo. Kwa baadhi ya dawa za jamii hii, hasa paroksetini na venlafaksini, wagonjwa husimulia hisia kama ya shoti ya umeme inayopita kichwani kwa nukta moja na kutoweka. Kwa kawaida hayo huanza siku chache baada ya kupunguza au kuacha. Fluoksetini hukaa mwilini kwa majuma kadhaa, hivyo hujiondoa yenyewe taratibu, na aliyeiacha aweza kupata dalili zikiwa zimechelewa, wakati amekwisha kusahau habari za vidonge. Kwa walio wengi hali hutulia ndani ya majuma machache. Kwa wengine huchukua miezi.

Wala si jambo lililogunduliwa jana. Imipramini, dawa iliyotangulia katika jamii ile ile ya amitriptilini, ilitangazwa na daktari Roland Kuhn wa Uswisi mwaka 1957, na kufikia mwaka 1959 madaktari walikuwa wamekwisha kuandika juu ya wagonjwa waliotaabika walipoiacha. Hata hivyo kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa kwamba ni jambo dogo, au kwamba ni ugonjwa wenyewe umerudi. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walikusanya tafiti 79 zilizohusu watu wapatao 21,000, wakaona kwamba mtu mmoja hivi kati ya watatu walioacha dawa hizi alipata dalili. Hata miongoni mwa wale waliokuwa wakimeza vidonge visivyo na dawa ndani yake, kama ifanyikavyo katika majaribio ya kitabibu, mmoja hivi kati ya sita alisema anaona dalili kama hizo. Dalili kali zilimpata mmoja hivi kati ya 35. Mimi naona hesabu hizi zinamkosoa anayesema hakuna kitu, na zinamkosoa vile vile anayewatisha watu kwamba ukianza vidonge hivi hutoki tena.

Kwa ruhusa ya mhusika, na nikiwa nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha, nawasimulia habari ya mwalimu mmoja. Alifiwa na mtoto, kisha akapoteza usingizi, kisha akapoteza hamu ya kuishi. Akatibiwa kwa amitriptilini, vidonge vitatu kila usiku, akapata nafuu hata akarudi darasani. Mwaka wa pili alihudhuria mkesha wa maombi wa kundi ambalo sitalitaja. Aliyeongoza mkesha aliwataka wote wenye dawa mikobani wazitupe, iwe ushuhuda wao. Naye akatupa. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu hakuweza kusimama mbele ya wanafunzi. Alitokwa jasho, alitapika, alitetemeka, akalia mchana kutwa.

Majirani wenye nia njema walisema ni malaria, wakampa mseto bila kipimo. Ndugu wa lile kundi walisema ni pepo anatoka, wakamfungisha na kukesha naye siku mbili zaidi. Hivyo mama aliyekuwa na kiu ya usingizi akanyimwa usingizi, tumbo lililokuwa tupu likanyimwa chakula, na kila alipolia akaambiwa kwamba kilio hicho ndicho ushahidi. Alipoletwa kwangu alikuwa na swali moja tu: "Padre, imani yangu imepungua wapi?"

Haikuwa imepungua. Kilichopungua ni dawa, tena kwa kishindo. Dada yake alimpeleka hospitali, tabibu akamrudishia dozi, na baada ya siku chache akalala. Miezi kadhaa baadaye, akiwa na nguvu, alianza upya safari ya kuacha, safari hii kwa kupunguza nusu kidonge kwa nusu kidonge, chini ya uangalizi, kwa muda wa karibu miezi mitano. Alipata kizunguzungu na ndoto mbaya katika baadhi ya hatua, lakini alijua jina la kilichokuwa kikimpata. Aliniambia kwamba kujua jina hilo ndiko kulikomsaidia zaidi ya yote, kwa sababu hakuhitaji tena kujitafutia dhambi.

Sisi Watanzania tuna kumbukumbu kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Wapo wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao baada ya kunywa, wakaamini mambo yamekwisha. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, nami si mwamuzi wake. Ninachokitaja ni ile haraka yetu ya kudhani kwamba kutupa dawa ndiko kuthibitisha uponyaji. Tukumbuke kwamba Bwana wetu alipowatakasa wakoma aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa na kazi ya kuikagua ngozi na kutamka kama mtu ni mzima au la. Hakuwaambia waruke hatua hiyo. Aliyeponywa na Mungu hapotezi kitu kwa kukaguliwa na tabibu, na kama kweli amepona, tabibu atampunguzia dawa kwa furaha.

Kwa hiyo nasema waziwazi, kama mchungaji wa roho zenu: hakuna kiongozi wa jumuiya, wa kikundi cha sala, wa karismatiki, wala padre, mwenye mamlaka ya kumwagiza mtu aache dawa aliyopewa hospitali. Ushuhuda wa namna hiyo usitolewe katika makusanyiko yetu. Anayetaka kumshukuru Mungu kwa kupona, atushukurishe pamoja naye, lakini vidonge avirudishe kwa daktari, asivimwage mbele ya altare.

Maandiko Matakatifu hayatupi ruhusa ya kumdharau tabibu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamheshimu daktari na dawa itokayo katika ardhi, na katika sura hiyo hiyo kinamtaka mgonjwa asali. Vyote viwili vimewekwa pamoja. Na mkisoma Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, mtamkuta nabii Eliya amechoka kiasi cha kumwomba Mungu amtoe uhai, amejilaza chini ya mti jangwani. Tazameni Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Hakumwambia afunge. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, kwa kuwa safari iliyo mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ndipo akatembea siku arobaini. Sauti ya Mungu mlimani ilikuja baadaye, baada ya usingizi na mkate. Nabii mkubwa namna ile alipewa siku arobaini, nasi tunamtaka mwalimu wetu apone kwa mkesha mmoja!

Tena hatuna haja ya kwenda mbali, maana katika mkoa wetu huu huu tunaye baba wa mfano. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi inayoitwa leo Mali, akatekwa angali mtoto, akakombolewa utumwani na Mapadre Weupe, akasomea utabibu huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Hapo alifanya kazi kama daktari na katekista kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Mikono ile ile iliyofundisha ishara ya msalaba ndiyo iliyofunga vidonda. Wazee wetu wa imani walilelewa na mtu ambaye kwake kitabu cha katekisimu na chupa ya dawa vilikaa katika nyumba moja bila ugomvi. Sijui ni lini wajukuu wao walianza kuvigombanisha.

Mwingine ni Mtakatifu Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Mzee huyu alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bon Sauveur mjini Caen, Ufaransa, kuanzia mwaka 1889 hadi 1892. Binti zake walisikia maneno ya watu. Wapo waliosema kwamba kujiunga kwao na utawa ndiko kulikomvuruga baba yao. Mwaka 2015 Kanisa lilimtangaza mtakatifu pamoja na mkewe Zélie. Miaka ile ya hospitali haikufutwa katika habari zake ili apate kutangazwa. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili, Novemba 2003, alipowapokea wataalamu waliokutana Roma kujadili ugonjwa huu wa sonona, alisisitiza kwamba mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kusaidiwa aone upya kwamba anapendwa, na hakuwa akiwaambia madaktari wale wafunge maduka yao.

Sasa nije kwenye njia yenyewe. Mimi si daktari, na lolote nisemalo hapa halichukui nafasi yake. Lakini yapo mambo ambayo muumini anapaswa kuyajua ili aweze kumwuliza tabibu wake maswali.

La kwanza ni kwamba kutaka kuacha si kosa. Dawa hizi huleta ukavu wa mdomo, kuongezeka uzito, usingizi wa mchana, na kwa wanandoa huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wengi huona aibu kulitaja hata hospitali. Mtu aliyepata nafuu kwa muda wa kutosha, kwa kawaida miezi sita au zaidi, ana haki ya kuuliza kama wakati umefika. Na yule ambaye daktari anamwona anahitaji kuendelea kwa miaka, naye asione haya. Hatumwonei haya mwenye kisukari.

Jambo jingine ni namna ya kushuka. Mwaka 2019 watafiti Mark Horowitz na David Taylor walieleza katika jarida la kitabibu la Uingereza kwamba dozi ndogo za dawa hizi hushikilia ubongo kwa nguvu kubwa kuliko ukubwa wa kidonge unavyoonyesha. Kupunguza kutoka vidonge vitatu hadi viwili kwaweza kupita bila shida. Kutoka nusu kidonge hadi kutokumeza kabisa ndiko kunakouma. Ni kama ngazi ambayo vipandio vya chini vimeachana zaidi kuliko vya juu. Anayeteremka kwa kasi ile ile hadi chini huanguka mwishoni, halafu husema, "Nilikuwa nimekaribia kumaliza." Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unashauri kupunguza kwa hatua, kila hatua ikisubiri mwili utulie kabla ya kuchukua nyingine, na hatua zikiwa ndogo zaidi kuelekea mwisho. Dalili zikizidi, mtu hurudi kwenye dozi iliyotangulia, hukaa hapo kwanza, kisha hujaribu tena kwa hatua ndogo zaidi. Kurudi huko si kushindwa. Vidonge vingine, na hasa vile vya ganda, havikatiki; usivifungue wala kuvipima kwa macho, mwulize mfamasia. Na kuruka siku, leo nameza na kesho simezi, ambako wengi hukudhania kuwa ndiko kupunguza, huutikisa mwili badala ya kuuzoesha, hasa kwa dawa zinazotoka mwilini upesi.

Kuna swali linalowatesa wengi: nitajuaje kama ni mwili unalalamikia dawa, au ni sonona yenyewe imerudi? Mara nyingi malalamiko ya kuacha huanza upesi, ndani ya siku chache baada ya dozi kubadilika, yakiambatana na mambo ya mwilini ambayo mgonjwa hakuwa nayo hapo awali, kama kizunguzungu na kichefuchefu, nayo hutulia haraka dozi ikirudishwa. Sonona hurudi polepole, kwa majuma na miezi, ikiwa na sura yake ile ile ya zamani ambayo mgonjwa na familia yake wanaifahamu. Na tusidanganyane, kurudi kwake kupo. Katika jaribio moja la Uingereza lililotangazwa mwaka 2021, watu 478 waliokuwa wazima na wakitumia dawa kwa muda mrefu waligawanywa makundi mawili. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 56 ya waliopunguza na kuacha waliugua tena, na asilimia 39 ya walioendelea na dawa nao waliugua. Asiyejua hesabu hiyo hukata tamaa mambo yakigeuka. Aijuaye huweka mtu wa kumwangalia kwa mwaka mzima, si kwa juma moja.

Hapa kwetu kuna utata wa ziada ambao vitabu vya Ulaya havitaji. Jasho, kichwa, kutapika na mwili kuchoka ni lugha ile ile ya malaria. Wakati wa masika, mtu akilalamika hivyo, mkono wa kila jirani unakwenda kwenye mseto. Basi anayepunguza dawa apime malaria kwanza. Kama ipo, atibiwe, maana malaria haimwonei huruma mtu kwa kuwa anapunguza vidonge. Kama haipo, amwambie tabibu ukweli wote, kwamba juma lililopita dozi yake ilishushwa. Tabibu asiyeambiwa atatafuta taifodi.

Nashauri pia kuangalia majira. Asianze mtu kupunguza mwezi wa Novemba au Desemba, wakati wa kulima na kupanda, ambapo anaamka usiku na chakula ghalani kinapungua. Asianze katikati ya matanga. Naona heri kusubiri hadi mavuno yameingia, barabara zimekauka na tabibu anafikika. Aache pombe, kuna wanaojitibia kukosa usingizi kwa pombe ya kienyeji, wakapanda juu ya tatizo moja tatizo jingine. Na mama aliyepata mimba akiwa kwenye dawa asiziache kwa hofu usiku ule ule. Aende kliniki aulize.

Kuhusu Kwaresima, sheria ya Kanisa ya kufunga inawahusu wenye miaka 18 hadi 59 walio na afya. Mgonjwa hafungwi nayo, na anayepunguza dawa hizi ahesabiwe mgonjwa mpaka amalize. Sadaka yake na itafutwe mahali pengine. Vivyo hivyo, kumeza kidonge kwa maji kabla ya Komunyo hakuvunji mfungo wa saa moja. Maji na dawa havikatazwi. Nayataja haya kwa sababu nimewahi kuulizwa, na aliyeuliza alikuwa ameacha dawa za asubuhi kila Jumapili kwa kipindi kirefu kwa ajili ya heshima kwa Ekaristi. Heshima hiyo ni njema, lakini Kanisa halikuidai.

Wengine huja kwenye kitubio wakijishtaki kwa ukavu wa sala, kwa hasira waliyowaonyesha watoto, kwa kushindwa kumaliza Rozari. Mtu anayepitia majuma haya asali kifupi. Kumi moja ya Rozari yatosha. Ishara ya msalaba kabla ya kulala, katika usiku ambao usingizi hauji, ni sala kamili. Na aombe Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ambayo bado tunaiogopa kana kwamba ni ya kumsindikiza mtu kaburini, wakati imewekwa kwa kila mwenye maradhi mazito, na maradhi ya akili yamo.

Jumuiya ndogo ndogo, kwenu nina ombi ambalo si la fedha nyingi. Mtu akiwaambia kwamba anapunguza dawa, msimwulize kwa nini alianza. Kila mmoja awe na watu wawili wanaojua tarehe za kila hatua, mmoja wa nyumbani na mmoja wa jumuiya. Wapite kumwona siku ya tatu na ya saba baada ya kila hatua, wamteke maji, wampikie, wakae naye bila hotuba. Wawe macho. Akianza kusema kwamba heri asingekuwepo, au kugawa vitu vyake, au kuaga aga, asiachwe peke yake hata dakika moja. Viondolewe karibu naye sumu ya panya na dawa za pamba, na apelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama ni kwa bodaboda mbili zilizofuatana. Hilo halisubiri kikao cha jumuiya.

Nimalizie kwa lawama kidogo, maana si haki kuwalaumu wanaosali tu. Wapo wanaoandika dawa hizi kwa dakika tatu, wasimwambie mgonjwa neno lolote juu ya namna ya kuziacha, kisha humshangaa aliyeziacha vibaya. Na wapo walioacha bila kutaka. Mtu ametoka Mishamo, amelipa nauli, amefika dirishani, ameambiwa dawa zimekwisha arudi baada ya majuma mawili. Huyo amekatiwa ghafla na uhaba, wala hakushauriwa na nabii yeyote, na mwili wake hautambui tofauti. Kwa hiyo usisubiri kidonge cha mwisho. Nenda ukiwa bado na vya siku kumi au kumi na nne, ili ukikosa upate nafasi ya kutafuta, au kumwuliza tabibu jinsi ya kuvipunguza vilivyobaki badala ya kuvimaliza na kukaa mikono mitupu. Wala usiazime kwa jirani, kwa kuwa kidonge kinachofanana rangi na chako chaweza kuwa dawa nyingine kabisa. Nimewaomba walei wetu wenye taaluma ya afya waangalie kama mfuko wa huruma wa parokia unaweza kuchangia nauli ya wagonjwa wa mbali wanaofuata dawa za kila mwezi, ziwe za sonona, za kifafa au za kisukari, bila kutangaza majina. Halmashauri ya walei italijadili katika kikao chake kijacho.

Anayetaka kuzungumza nami juu ya jambo hili anikute ofisini Jumanne na Alhamisi alasiri. Si lazima mseme kwa katibu mmekuja kwa shida gani. Semeni tu kwamba mmekuja kumwona paroko. Misa ya wagonjwa pamoja na Mpako itakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, na wanaotoka vigangoni waje na mtu wa kuwasindikiza.

Ndimi katika Kristo,
Paroko wenu